Chini ya Kwenye Simu

Mtanivumilia, maana mwandiko wangu umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na r na l bado zinagombana kalamuni mwangu kama nilivyotoka nazo darasa la saba. Naandika polepole. Nikiharakishwa naacha.

Juzi nilikuwa stendi ya Msamvu nasubiri basi, nikasikia nyuma yangu sauti ndogo kavu, ko, ko, halafu mvumo kama wa kitu kinachobingirika juu ya ubao. Sikugeuka. Niliijua: ni gololi ya kwenye simu, ile unayoiongoza kwa kuinamisha simu huku na huku ili ipite kati ya mashimo bila kutumbukia. Nikaikumbuka siku ile kwa bibi.

Kwa bibi ni mlimani, Uluguru, ambako ukiangusha boga unaenda kuliokota kwa jirani. Hatukuwa na kushoto wala kulia. Tulikuwa na juu na chini. Kijiko kiko upande wa juu wa sufuria. Sogea chini kidogo nami nikae. Juu ni kileleni, chini ni bondeni, na hata kipofu wa kwetu hakosei.

Mwaka huo mjomba alikuja na pikipiki, na nyuma yake mwanawe Faraji, mtoto wa mjini aliyevaa viatu hadi kwenye mkeka. Mjomba alisema atarudi na mtoto mmoja wa huku aende mjini kuona maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Mmoja tu, maana pikipiki ingepiga mshikaki wa watu watatu, wa nne angekaa kwenye taa. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Shomari. Nilikuwa nimesikia kwamba huko kuna bembea ya kuzunguka inayokupandisha hadi uone paa za mji wote. Niliitaka bembea ile mpaka nikaiota.

"Amueni wenyewe," alisema mjomba, "nisije nikaambiwa napendelea."

Faraji akatoa simu. "Atakayeifikisha gololi kwenye bendera ndiye anapanda. Mimi ndiye refa."

Shomari alianza. Alikaa uani akiutazama mlima, bonde likiwa mgongoni kwake, simu ameilaza mapajani. Faraji alimsimamia kichwani akipiga kelele: "Chini! Chini! Tulia! Chini tena!" Shomari akawa anainamisha simu kidogo kidogo kuelekea tumboni. Gololi ikashuka taratibu, ikapita kona, ikafika.

Zamu yangu. Mimi nilikaa kizingitini, bonde likiwa mkono wa kushoto. Aibu ilinibana, sikuwahi kushika simu watu wakinitazama. Gololi ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliisikia kwenye viganja, ingawa najua haikuwepo. Nilianza vizuri, kelele hazijaanza.

"Chini!" akapiga kelele Faraji.

Nikainamisha simu upande wa bondeni.

"Chini, wewe! Chini!"

Nikainamisha zaidi. Ko. Gololi ikatumbukia.

Faraji alicheka mpaka akashika nguzo. "Watani zangu nyie, mnaishi kwenye mteremko na chini hamkujui! Chini ni huku!" akanigonga tumboni kwa kidole. "Huku!"

Bibi alikuwa anachambua maharage. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kwani kuna chini ngapi?"

Tulicheka sote, hata mimi niliyekuwa nalia. Tulidhani bibi hajui mambo ya simu. Asubuhi Shomari alipanda pikipiki, akanipungia mkono mpaka kwenye migomba ya mwisho. Bembea sikuiona mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Kwa muda mrefu niliuchukia mchezo ule. Nilipopata simu yangu niliijaza michezo mingine ya kuinamisha, na sasa naweza kusema kwa haki kwamba mingi ni takataka. Kuna wa magari ambao unailaza simu, gari linafikiri kwanza, halafu linakata kona ukiwa umeshagonga. Kuna wa ndege unaokutaka uinamishe simu mpaka kioo hukioni tena, sasa sijui wanataka urushe ndege kwa kunusa. Mingine inajisifu ni ya kuinamisha, halafu imebandika vitufe pembeni, kama mtu anayeoga na kanzu. Na karibu yote inadhani kila binadamu amekaa mezani, mgongo wima, kama mgeni wa harusi.

Ule wa gololi haukuwa hivyo. Ukiinamisha kidogo, inakwenda kidogo. Ukizidisha, inakimbia. Ukiilaza simu sawa, inatulia. Haukuhitaji mtu wa kukusimamia kichwani akitaja pande. Siku ile nilipoambiwa chini nilipeleka simu chini, na gololi nayo ikaenda chini, kule kule yanakoenda maji na maboga. Mkono wangu na gololi vilielewana. Aliyekosea ni refa, aliyetoka mjini na chini yake ya kioo akaja kuiuza mlimani, na sisi tukamwamini kwa sababu simu ilikuwa yake. Bibi aliuliza swali pekee la maana siku ile, na alipochekwa aliendelea na maharage yake.

Faraji siku hizi ana simu kubwa kama kibao cha chapati, na anacheza ya kubonyeza.

Basi niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Niambieni ni mchezo gani mwingine unaoutii mkono, na mkiucheza mnakuwa mmekaa wapi. Ya vitufe msiniandikie, sitaifungua.