Jumapili ya Shangazi

Shangazi yangu hakuwa mnyenyekevu. Watu wakisikia mtu kafanya kazi za ndani maisha yake yote, hukimbilia kusema, "Maskini, mpole sana yule." Mpole wa wapi! Alikuwa na mdomo mkali, alipenda viatu vya kisigino, na kwenye karata alikuwa mwizi wa mchana kweupe. Alianza kazi kwa Mama Mwenyekiti angali msichana, akalea watoto wa nyumba ile mpaka wakaota ndevu. Wazazi wangu walipofariki, akanichukua mimi, binti wa kaka yake. Tuliishi chumba cha uani chenye kitanda kimoja, na mchana nilikwenda kujifunza ushonaji. Nyumba nzima ilimwita Dada, hata babu wa nyumba ambaye angeweza kumzaa.

Mama Mwenyekiti aliongoza jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa shingo upande, lakini ndiyo kweli. Tukiugua, alitupeleka hospitali mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa Jumapili. Kila Jumapili baada ya misa alikaribisha wageni mezani, Paroko akiwa wa kwanza, na wageni hawashibi kwa sala. Basi nyumba nzima ilipokwenda kanisani, Shangazi alibaki na masufuria. Kwa miaka mingi misa aliisikia redioni tu, huku akikaanga vitunguu.

Redio hiyo ndiyo iliyoleta moto. Kwaresima ile maaskofu walitoa ujumbe kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Baba Askofu aliusoma mwenyewe, kwa sauti nzito isiyo na haraka: anayemnyima mfanyakazi wake siku ya kupumzika na kusali anamnyang'anya kitu ambacho si mali yake. Akaagiza kila jumuiya iketi na kuulizana: katika nyumba zetu, ni nani hapumziki?

Shangazi alikuwa amepunguza moto wa jiko ili asikie vizuri.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Haya. Na mimi nimesikia."

Alhamisi jioni jumuiya ikakutana sebuleni kwa Mama Mwenyekiti. Mimi nilikaa pembeni, maana nilihesabiwa mwanajumuiya. Shangazi alihesabiwa chai. Katekista akasoma lile swali, watu wakafumba macho na kufikiri. Mwalimu mstaafu akawataja wachimba migodi. Mwenye duka la dawa akawataja wavuja jasho wa viwandani. Mama Mwenyekiti, machozi yakimlengalenga, akaomba tusiwasahau mabaharia. Mabaharia! Sisi hata ziwa hatuna. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaniwaka.

Ndipo Shangazi akaingia na sinia la chai. Akaliweka mezani, na badala ya kumimina akavuta kiti, akaketi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," watu wakaitikia kwa mazoea.

"Mimi sijajibu swali."

Mama Mwenyekiti akatabasamu kwa meno tu. "Dada, nadhani kuna kitu jikoni."

"Jiko nimelizima, Mama. Katekista, swali linasema katika nyumba zetu. Nyumba ni hii, na asiyepumzika ni mimi. Naomba Jumapili yangu. Nzima, si kipande."

Katekista akaanza kufunua kijitabu chake kama mtu aliyepoteza ukurasa. Mwenye duka la dawa akakohoa. Walifunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia pale, wakaondoka bila kugusa chai.

Wageni walipokwisha kutoka, Mama Mwenyekiti akamfuata Shangazi jikoni. Mimi nilikuwa nafuta vikombe ambavyo havikutumika.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema. "Sasa sikiliza. Jumapili hii Paroko anakuja na wageni kutoka jimboni. Ukitoka getini kwenda kanisani, toka na virago vyako."

"Nimekuelewa, Mama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakwenda. Ila sijaamua kama ni misa ya kwanza au ya pili."

Tulipobaki wawili chumbani nikamwuliza, "Shangazi, tutalala wapi?"

"Sijui."

"Hujui, na bado unakwenda?"

"Wale maaskofu wamesema jambo la kweli, mbele ya nchi nzima. Mimi nikibaki jikoni, watakuwa wamelisema kwa faida ya nani? Kunja nguo zako vizuri, zisikunjamane."

Niliogopa, na nilimkasirikia pia. Kazi ile ndiyo iliyotuweka chini ya paa, na sikuwa bado na cherehani ya kunilisha. Lakini nikazikunja.

Akachagua misa ya pili. Alivaa visigino vyake, akapita njia ya katikati ko-ko-ko mpaka benchi la pili kutoka mbele, akaimba nyimbo zote kwa nguvu na nje ya sauti. Baada ya misa Paroko alisimama mlangoni akisalimiana na watu. Alipoushika mkono wa Shangazi, alimpa lile tabasamu analowapa wageni.

"Karibu sana parokiani, mama. Umehamia lini?"

"Sijahamia, Baba. Umekula mapishi yangu kila Jumapili tangu ulipofika hapa."

Uso ukamshuka Paroko. "Kumbe wewe ndiye... kwa Mama Mwenyekiti?"

"Ndiye mimi. Leo sikupika. Ujumbe wa Baba Askofu mimi umenifikia, Baba. Sijui kama mezani ulifika."

Waliokuwa nyuma yetu wakasimama kusikiliza. Paroko akauachia mkono wake polepole. "Tutazungumza, mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Kwenye jumuiya tulishazungumza Alhamisi. Sasa nakwenda kupumzika."

Tulirudi kwa miguu, bila haraka. Virago vilikuwa vinatungoja nyuma ya mlango wa chumba chetu, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulia njiani. Gari la Paroko lilikuwa limekwisha kuingia. Harufu ya vitunguu vilivyoungua ilitupokea tukiwa bado barabarani. Geti akalifungua Mama Mwenyekiti mwenyewe, kilemba kimemwendea upande, kidole akikipuliza.

"Dada, ya juzi tuyaache. Ingia uniokoe, wageni wameketi."

Nilimtazama Shangazi. Angesema "haya" tu, mambo yetu yangekwisha. Mimi ningesema, tena mbio.

"Kwa hiyo kazi ninayo, Mama?"

"Kazi unayo! Nani kasema huna?"

"Basi tutaonana kesho asubuhi. Leo ni Jumapili."

Akampita, akavuka ua, akaingia chumbani na kujitupa kitandani na visigino vyake miguuni. Hakuna aliyekuja kututoa. Kupitia dirishani tulisikia masufuria yakigongana, kisha sauti ya Paroko, humo humo jikoni, ikiuliza chumvi inakaa wapi. Mama Mwenyekiti akajibu kwamba hajui.

Shangazi alijua. Akageukia ukutani, akafumba macho.