Sarafu Juu ya Sindano

Juzi, katika duka moja Kariakoo, nilimwona kijana akifunga kichwa kipya cha sindano kwenye mkono wa mashine ya santuri. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu.

Mchana ule sebule yetu ya Mchafukoge ilinuka vumbi lililopata moto ndani ya amplifaya. Mama alikuwa hospitali, akimuuguza shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, aliyewahi kuimba taarabu. Baba akaweka kwenye mashine sahani ya santuri aliyoimba shangazi. Kichwa cha sindano kilikuwa kipya, lakini sauti ya shangazi ilitoka ikikwaruza, kama ya mtu anayekosa pumzi. Kwangu, huyo alikuwa yeye mwenyewe, kule kitandani.

“Baba, zima! Anaumia!”

“Tulia, mwanangu. Mkono huu ni mwepesi, sindano haikai.”

Akaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano. Nilifumba macho, nikidhani anamkandamiza shangazi kifuani. Leo najua kwamba wepesi ndio uliokuwa ukiikwangua ile sahani. Sauti ikatulia, ikawa safi.

“Amepona?”

Baba aliirudisha sindano mwanzo, tukamsikiliza tena, mpaka tuliposikia kandambili za Mama, aliyekuwa alale hospitali, kwenye ngazi, zikipanda polepole.