Pampu ya Tatu ya Bibi Clarina

Leonel Pinette alifunga mabomba ya maji ya moto ya kupasha nyumba joto mjini Rumford, Maine, kwa miaka thelathini na sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa na hasira na mafundi wasiopima. Chumba kikiwa baridi, wanaleta pampu kubwa zaidi ya kuyasukuma maji. Kikibaki baridi, wanaleta nyingine inayoizidi hiyo. "Hao si mafundi," alikuwa akisema, "ni wachukuzi wa pampu."

Nami nasema alikuwa na haki. Anayefunga mabomba ya joto bila kupima anachezea mapafu ya watu.

Ijumaa moja ya Januari 2019 aliitwa kwa Clarina Levasseur, mjane wa miaka themanini na tatu. Ngazi zilipomshinda, alihamia chumba cha nyuma, kile kile ambamo mumewe aliugua hadi akafa. Maji ya moto yalikifikia mwisho, baada ya kuzunguka nyumba nzima, na glasi ya maji iliyoachwa dirishani iliganda. Mwanawe Rosaire alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi katika nyumba ya wazee. Jumatatu angempeleka.

"Nyumba imechoka, Leonel," alisema Rosaire. "Hii ni pampu ya tatu. Inavuma mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Tuweke nini sasa, injini ya lori?"

"Fundi aliyeileta alikuja na tepu ya kupimia?"

"Alikuja na pampu."

"Basi nyamaza kidogo nifanye kazi."

"Mwambie, Leonel," Bibi Clarina alisema kutoka jikoni. "Nimezalia watoto sita humu. Sitafukuzwa na bomba."

Leonel alipima kuta na madirisha ya kila chumba, apate kujua kinapoteza joto kiasi gani. Joto hilo humwambia fundi yapite maji mangapi kwa dakika. Wingi wa maji humwambia unene wa bomba. Urefu wa bomba na kona zake humwambia nguvu ya pampu. Pampu huchaguliwa mwisho. Wale walianzia mwisho.

Kisha alishuka chini ya nyumba na kulifuata bomba kwa kiganja, Rosaire nyuma yake. Karibu na boila, tangi la kuchemshia maji, halikushikika kwa moto. Mwishoni lilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Bomba moja la robo tatu ya inchi lilikuwa likilisha futi mia moja na nne za hita ndefu zinazopita sakafuni kando ya kuta. Leonel mwenyewe hakuruhusu bomba moja lilishe zaidi ya futi sitini na tano.

"Maji yanamfikia mama yako yamekwisha kugawa joto lote njiani," alisema. "Ukiyakimbiza, yanapiga kelele tu."

"Mjinga gani aliunga chumba kile?"

"Tutamjua sasa hivi."

Mafundi wa huko huandika kazi yao kwa penseli kwenye boriti. Leonel alimulika. *Novemba 1995. Chumba cha nyuma. L.P.*

Rosaire alisoma, akasoma tena. "L.P. ni nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mpuuzi mmoja aliyekuwa na haraka."

Siku ile ya 1995 nayo ilikuwa Ijumaa, na kesho yake msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa. Bunduki ilikuwa tayari garini. Leonel aliunga chumba mkiani mwa bomba lililokuwapo, hakupima, akaondoka.

Alipanda jikoni, akavua kofia.

"Bibi Clarina, baridi hii ni yangu. Niliunga vibaya mimi, kwa haraka ya kwenda kuwinda kulungu."

Bibi aliuliza: "Na huyo kulungu, ulimpata?"

"Hapana."

"Vizuri."

Wapo watakaosema alikiri, basi yaishe. Sikubaliani nao. Mume wa Bibi alikufa chumbani mle akitetemeka chini ya mablanketi manne, na aliyeandika herufi zake pale juu alikuwa akitukana wenzake mji mzima. Kukiri hakumpashi maiti joto.

Jumamosi na Jumapili, Leonel aliligawa bomba kuwa mizunguko miwili, kila mmoja na pampu yake ndogo. Ile ya tatu aliitoa. Chini ya maandishi yake ya zamani aliandika: *Kosa la L.P. Sasa limepimwa.*

Jumatatu asubuhi Rosaire alikuja na sanduku la nguo. Alimkuta mama yake chumba cha nyuma, sweta limetundikwa kwenye kiti, akifuma.

"Sikiliza," Bibi alisema.

"Sisikii kitu. Hata sahani zimetulia."

"Haya. Rudisha hilo sanduku garini."