Shati Moja, Nyimbo Tatu na Nusu

Du. Hivyo ndivyo ilivyoanza, kabla ya kinanda, kabla ya chochote: du moja nzito, kama gunia la mahindi lililoangushwa juu ya saruji. Halafu kimya. Halafu Nasipwondi akakanyaga cherehani yake na ngoma ikamfuata, au yeye akaifuata. Kwa miaka mitatu niliuza vifungo kando yake sokoni Kibuye, na sikuwahi kujua nani alikuwa mbele.

Lornah Nasipwondi alishona sare za shule. Alizaliwa Bungoma, akaolewa na Walter, fundi wa mitambo bandarini Kisumu, ambaye kwao ni Luanda Kotieno. Mwaka wa 1988 mzungu mmoja aliyekuja kutengeneza jenereta alimwachia Walter kaseti alipokuwa akiondoka. Jalada lilikuwa na pembetatu ya manjano na maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Ndani yake hamkuwa na gitaa. Hamkuwa na mwimbaji, ila mwanamke mmoja katika wimbo wa nne aliyevuta pumzi kama anayetaka kusema jambo, asiliseme. Mengine yote yalikuwa umeme uliofundishwa kucheza.

Kaseti hiyo aliichukua Nasipwondi, na nyimbo zake akazipa majina mwenyewe. Mabati, kwa ajili ya sauti ndogondogo zilizonyesha kama mvua juu ya ngoma. Pindo, uliokwenda moja kwa moja bila kukata uzi. Wa mwisho aliuita Ziwa: ulianzia mbali, ukaja kidogo kidogo, na ulipofika, wewe tayari umelowa magotini bila kujua. Kazi yake aliipima kwa muziki huo. Shati moja la shule lilikuwa nyimbo tatu na nusu.

"Na kaptula?" nilimwuliza siku moja.

"Kaptula ni upande mzima wa kaseti. Zipu hainiheshimu."

Soko lilimchukia kwa kelele hizo, naye akalirudishia chuki yake yote bila kubakiza.

"Nyar Bungoma!" aliita mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekaa mbele yetu. Binti wa Bungoma, ndivyo walivyomwita, ingawa alikuwa na watoto wanne. "Zima hiyo posho mill, mbona unga hatuuoni?"

"Utauona siku utakapojifunza kuosha omena."

Hata Khaemba, mtu wa kwao Bungoma aliyekuwa na kibanda cha kurekodi kaseti pembeni mwa soko, hakuambulia kitu. "Dada, niazime siku moja tu, ninakili." Alimsihi hivyo mara tatu. Mara ya tatu Nasipwondi alimwambia akarekodi mbuzi wakilia. Sitampamba: alikuwa mchoyo. Nakala ya kaseti ile haikuwepo kwa mtu mwingine yeyote, na yeye alipenda iwe hivyo.

Agosti 1991 mama mkwe wake alifariki. Kaka mmoja wa Walter alikuwa masomoni Ulaya, hakuweza kuja, na kwa mtu wa namna hiyo mazishi hurekodiwa yote, hotuba kwa hotuba, asikie kila neno lililosemwa juu ya mama yake. Kazi hiyo alipewa Joram Ogola, kaka yao mkubwa, mzee wa kanisa. Alikuja na kaseti mbili tupu. Wakwe walizimaliza kwa hotuba zao kabla ya mahubiri, maana mkwe hanyang'anywi kipaza sauti. Ogola akafungua redio kaseti ya Nasipwondi, iliyokuwa imebebwa kama akiba, akaikuta ndani yake kaseti ya pembetatu. Kaseti za dukani huvunjwa vijino viwili mgongoni ili zisirekodiwe tena, lakini kila mtu anajua dawa yake. Ogola alichana pembe ya ratiba ya mazishi, akaitafuna, akaziba matundu.

Wakati huo Nasipwondi alikuwa nyuma ya nyumba, akisonga ugali pamoja na wake wengine wa boma.

Aligundua Jumatatu, sokoni. Alibonyeza kitufe, akaweka mguu tayari. Badala ya du, Ogola akakohoa.

Aliisikiliza yote, pande zote mbili, akiwa hajashona hata tundu moja la kifungo. Mahubiri. Kisha Ogola akisema mama yao amekufa na huzuni juu ya "wanawake fulani wanaocheza ngoma za shetani mchana kweupe". Maombi. Amina. Kisha, mwishoni kabisa mwa upande wa pili, dakika tano ambazo Ogola hakuzifikia: Ziwa, mzima.

Alhamisi Ogola alikuja na tai yake ya kanisa.

"Shemeji, lete kaseti ya Mama."

"Mama alinunua kaseti lini?"

"Usinichezee. Ukirekodi juu ya mazishi utakuwa umemzika mara ya pili, na chira itakula watoto wako." Chira ni laana ya anayevunja mwiko, na mwuza omena aliposikia neno hilo aliacha kuuza.

"Wewe ulipotafuna karatasi ulimwuliza nani?"

"Zile zilikuwa kelele tu!"

"Kelele ni zako, Mzee wa Kanisa. Nimezihesabu. Dakika hamsini na tano."

Akachukua mkasi. Kwa ncha yake akauvuta utepe, ukatoka kama utumbo wa samaki mbuta, akaupitisha katikati ya makali. Watu walikuwa wamejaa. Ogola alinyoosha mikono.

"Nyar Bungoma. Tafadhali."

Mkasi haukufunga. Nilijua sababu, na pengine ni mimi peke yangu niliyeijua: Ziwa ulikuwa kwenye utepe uleule.

Aliweka mkasi chini, akachomeka kalamu kwenye tundu la kaseti, akaurudisha utepe ndani polepole. Kisha akatembea hadi kwa Khaemba, sote nyuma yake, Ogola akijitangaza njia nzima kama aliyeshinda kesi.

"Nakala nane!" alimwambia Khaemba. "Ya Ulaya, ya kanisa, na sita za nyumba zetu. Mpaka amina." Kisha akaugeukia umati kuueleza maana ya heshima.

Nasipwondi aliiweka kaseti mbele ya Khaemba, mtu aliyemnyima miaka mitatu.

"Dada, kweli unaniachia?"

Nasipwondi aliingiza kichwa dirishani. Mimi nilikuwa begani pake, na nilisikia kwa shida.

"Ukisikia amina," alisema, "usizime."