Dokta Ulimi na Siku Zisizo Kwenye Kalenda

Wanafunzi walimwita Dokta Ulimi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Udaktari hakuwa nao. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya usemi katika shule ya sekondari, mama mfupi mwenye mwendo wa haraka, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia vijana ambao maneno yaliwakwama kooni au yaliwatoka yamepinda. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Kilipakwa rangi mara mbili lakini harufu ya mipira haikutoka.

Kabla ya hapo alikuwa amezoea watoto wadogo. Ukimwinulia mtoto mdogo picha ya sungura, anacheka, anaitaja, mnaendelea. Alidhani na hawa wakubwa wangeiva katika chungu hicho hicho. Wiki ya kwanza tu, kijana mmoja mwenye kithembe, mrefu hata wenzake wakamwita Mlingoti, aliitazama ile picha, akajishika kidevu.

"Dokta, mimi na ndevu hidhi, bado unaniulidha huyu thungura?"

Chumba kizima kilicheka, na Dokta naye akacheka, ila cheko lake lilikuwa la midomoni tu. Kijana alikuwa na haki yake. Tangu siku ile walikuja wakiburuza miguu kama watu wanaopelekwa kuchomwa sindano.

Siku moja ya masika mumewe, fundi cherehani, aliingia nyumbani amelowa chapachapa, mwavuli umegeuka nje ndani.

"Mke wangu, marehemu huyu hapa," alisema, akiulaza mwavuli sakafuni. "Leo na tuitangaze Siku ya Miavuli Iliyokufa. Kila mtu amwombolezee wa kwake."

Wakaomboleza mpaka chai ikapoa. Mume alisimulia mwavuli wake wa kwanza, aliouazima kwa shemeji na kuusahau kwenye benchi la hospitali. Mkewe akasimulia wake, uliopaa ukatua juu ya paa la jirani, na jirani akaapa kwamba ni wake tangu enzi. Katikati ya kicheko Dokta aligutuka. Walikuwa wamezungumza muda wote huo bila mmoja kumwambia mwenzake "sasa sema." Upuuzi ndio uliowafungua vinywa.

Kesho yake picha za sungura zilikwenda kabatini, na mlangoni pakabandikwa tangazo la Siku ya Miavuli Iliyokufa. Wanafunzi walisoma, wakatazamana. Mlingoti akauliza kama Dokta ana homa. Lakini alipoanza kuusimulia mwavuli wa bibi yake, uliotumika kufukuzia kuku, hakuna aliyemzuia, na zile "s" zake alizipigania mwenyewe, moja baada ya moja, kwa kuwa sasa alikuwa na watu wa kuchekesha.

Basi ikawa desturi ya kile chumba. Jua lilipokuwa kali walifanya Siku ya Kukisifu Kivuli. Upepo ulipoanza ikaja Siku ya Nguo Zilizotoroka Kambani. Siku walizitunga wenyewe, kufuatana na kile majira yalichowaletea.

Mmoja tu alibaki pembeni: msichana waliyemwita Kesho. Alikuwa na kigugumizi kizito. Neno la kwanza lilimkaba, shingo ikakakamaa, macho yakajifumba. Na kabla halijatoka, mwenye huruma mmoja alikuwa ameshamdakia na kulimaliza. Kwa hiyo akaacha kujaribu. Zamu yake ikifika alipunga mkono kuelekea mbele, kana kwamba siku inayofuata imesimama pale ukutani. Kesho. Dokta hakumsukuma. Alimfundisha kupumua na kulianza neno taratibu bila kupambana nalo, naye aliyafanya yote hayo vizuri, kwa kunong'ona, wakiwa wawili.

Asubuhi moja ya majira ya baridi Mlingoti aliingia mbio.

"Dokta! Uwanja umeibiwa!"

Kweli, dirishani hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umemeza magoli, ukuta, hata miti. Hakuna aliyehitaji kushauriwa. Ilikuwa Siku ya Ukungu, na waliipangia sharti lake hapo hapo: kila mtu atoke, asimame pale asipomwona mwenzake, kisha aseme kuna nini nyuma ya ule weupe.

Wakatawanyika. Dokta alipiga hatua chache tu, na mkono wake mwenyewe ukaanza kufifia. Sauti ya Mlingoti ikasema nyuma ya ukungu kuna shule isiyo na hesabu. Mwingine akasema kuna mjomba wake, amepotea njia na hataki kuuliza. Vicheko vilitoka huku na huku, havina wenyewe.

"Mmmm..."

Dokta aliijua sauti ile, ingawa alikuwa ameisikia ikinong'ona tu. Ilisimama. Yeye naye akazuia pumzi, akiomba asitokee mwenye huruma. Hakutokea. Nani angemdakia neno mtu asiyemwona uso?

"Mmm... mlima," sauti ilisema.

"Hapa hakuna mlima," Mlingoti alijibu kutoka mbali.

"Leo u-upo. Um-umekuja usiku. Umechoka ku... kusimama, umekaa uwanjani. Mbuzi wake ha... hawajui kama wamehama. Wa-wanaamka sasa hivi. Wanashangaa nyasi zimechorwa mistari."

Aliendelea. Alikwama, akakaa na neno lake mpaka likamtii, akasonga. Mlima ule ulikuwa na pango, na pangoni kulikuwa na mvua ya mwaka jana imejihifadhi. Alisema mengi kuliko yote waliyowahi kumsikia akisema, na kadiri alivyosema ndivyo ule ukungu ulivyozidi kuwa mlima. Nywele zilimsimama Dokta. Miaka yote ya kazi alikuwa akidhani anawapa watu maneno. Kumbe yalikuwepo, marefu na mazito, yamekaa gizani yakingoja mtu wa kuyasubiri. Alitaka kusema "vizuri sana," akashindwa. Aliona kusema vile ni kama kupiga makofi katikati ya sala.

Ukungu ulipopanda, wanafunzi walionekana mmoja mmoja, wote wamegeukia upande mmoja. Mlingoti alikuwa amevua kofia.

Kigugumizi hakikuondoka, wala Dokta hakuwahi kumwahidi kitaondoka. Ila wazazi walipoalikwa kuitembelea shule, Kesho ndiye aliyechagua siku ya kuadhimishwa: Siku ya Maneno Yanayochelewa. Sharti lake lilikuwa moja, hakuna kudakia.

Baba yake alikuja, dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya barabara. Alikaa kwenye kiti kidogo, mikono magotini. Binti akasimama mbele yake. Neno la kwanza likagoma.

"Anataka nini, mwalimu?" baba alinong'ona kwa uchungu. "Anataka maji?"

"Sijui, baba. Tumsubiri wote."

Akasubiri. Jasho lilimtoka utadhani anapandisha lori mlima wa tope.

"B-baba," binti alisema, "ukinipigia simu ukiwa sa-safarini, unasema halo, halo, hala... halafu unakata. Unasema mtandao mbaya. Ssss... si mtandao, baba. Ni mimi. Nnn... nakuja."

Dereva alifunua mdomo, akaufumba, akalikumbuka lile sharti. Machozi yalimshuka naye hakuyafuta. Mwishowe alimgeukia Dokta, akasema polepole, kwa sauti ambayo labda hata lori lake halikuwahi kuisikia:

"Ana sauti ya marehemu mama yangu. Ile ile. Mwanangu wa kumzaa, na mimi sijawahi kumsikiliza kwa muda wa kutosha kuijua."

Dokta alimtazama binti, ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kukakamaa tena kwa neno jingine, na baba akainama mbele, akangoja.