Kwaya ya Ng'ambo na Redio Mbili

Katika miaka ya sabini dada yangu alinunua sokoni kwetu Kashikishi kaseti ya kwaya ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Niliipenda mno. Nikaazima redio ya kaseti ya jirani, nikaiweka itazamane na yetu: moja ikaimba, nyingine ikanasa. Jogoo wetu aliwika katikati ya ubeti, naye akanaswa.

"Huu si wizi?" dada akauliza. "Amri ya Mungu inakataza."

"Kaseti yako si unayo bado? Nimeondoa nini?"

Hatukuelewana. Kiongozi wa kwaya ile alipovuka ziwa kuja kununua samaki wakavu, tulimkaribisha nyumbani, tukamsikilizisha nakala yangu. Jogoo alimchekesha hadi machozi. Kisha akasema, "Lakini sauti ni yetu, mama. Ungetuuliza kwanza."

"Na wimbo ni wa nani?" dada akauliza.

Mgeni akajibu, "Ule wimbo tulisikiaka kwenu, ku kanisa ya Nchelenge. Hatukuuliza mutu."

Tukatazamana, sote watatu. Nakala aliniachia. Halafu akataka kujua ni nani kwetu aliyeutunga wimbo ule, na hakuna aliyejua.