Mguu wa Mpiga Ngoma

Mpiga ngoma wa bendi moja ya roki iliyodumu msimu mmoja ni fundi nguo, na mguu wake umezoea cherehani kuliko kitu chochote duniani. Hata mazoezi aliyafanyia hapo, pini mdomoni: wimbo ukianza, anaanza kushona mguu wa suruali, mshono ukiisha, wimbo nao umeisha. Basi siku ya onyesho lao kubwa, shemeji yake mpiga gitaa alipandwa na mori akaurefusha wimbo. Fundi akafika mwisho wa suruali aliyokuwa akiishona kichwani, akaacha kupiga ngoma, akainama kukata uzi kwa meno. Uzi wenyewe uko wapi! Ukumbi ukaangua kicheko, shemeji akasusa, bendi ikafa palepale.

Tangu hapo hawasemezani. Jana shemeji alileta suruali iliyofumuka, uso kaukunja. Fundi akakanyaga cherehani. Mara vidole vya shemeji vikaanza kuchezacheza tumboni kama kwenye nyuzi za gitaa, kwa mdundo wa cherehani, macho kayafumba. Fundi akamwona. Alipofika kwenye upindo hakusimama. Akakata kona, akaendelea kushona.

Shemeji akafumbua macho: "Shemeji, unaziba mguu wa suruali!"

"Wewe maliza wimbo kwanza, shemeji. Safari hii sikukatizi."